Mama Mkwe na Ngozi ya Beti

Mama mkwe wangu alikuwa na namna yake ya kuingia sebuleni. Kwanza alikohoa akiwa bado koridoni. Akasubiri kidogo. Halafu akaingia kwa ubavu, khanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, macho sakafuni, akapita kando kando ya ukuta kama mtu anayekatiza mbele ya watu wanaosali. Akinikuta nimevaa singlendi, aligeuka akarudi alikotoka, na hapo ilinibidi nikavae shati, hata siku zile ambazo joto la Dar linakufanya utamani kuvua na ngozi. Hatukupeana mikono. Nilimsalimia kwa mbali, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba baba," huku akiangalia dirisha, au jiko, au kuku wa jirani.

Kwao, Dodoma vijijini, mambo ya ukwe ni mazito. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, hakai kwenye kiti alichokalia, wala halitaji jina lake. Jina lake nalijua, nimeliona kwenye kadi ya bima, lakini mdomo wangu haujawahi kulitamka na hapa pia sitalitamka. Shida ni kwamba mila ile ilitungwa na watu wenye maboma makubwa, nyumba ya wakwe huku na ya kijana kule. Sisi tulikuwa Kinyerezi, kwenye vyumba viwili na sebule, choo kimoja, na korido ambayo watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Aliyekuwa akirudi nyuma ni yeye. Nilipomwahi kurudi mimi, alibaki amesimama pale pale akiwa na ndoo yake mpaka nikaona aibu nikapita.

Nguo zake hakuzianika nje. Alizianika chumbani, juu ya kamba fupi, akazifunika na khanga ili nisizione hata kwa bahati mbaya. Alioga kabla hatujaamka. Kwa muda wote aliokaa kwetu sikuwahi kumwona akila. Sahani ilikwenda chumbani imejaa na ikarudi imeoshwa.

Mama huyo huyo, mwuza maji akipita na mkokoteni, alikuwa anasikika mpaka nyumba ya tatu. Maji ya visima vya kwetu yana chumvi, na mama mkwe alikuwa amekataa kabisa maji ya chumvi yasimguse mjukuu wake. Alimsimamisha yule kijana, akafungua dumu, akachovya kidole, akaonja.

"Haya si ya bomba."

"Ya bomba hayo, bibi, nimeyatoa mwenyewe saa hizi."

"Umeyatoa kisimani, mwanangu. Onja wewe. Onja mbele yangu."

Kijana akaonja, majirani wakachungulia madirishani, na mama mkwe akasimama pale barabarani, mkono kiunoni, mpaka ukweli ukajulikana. Akirudi ndani alikohoa koridoni, akashusha khanga, akapita kando ya ukuta.

Aliletwa na ngozi ya Beti. Beti ni mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa laini kama watoto wote, kisha alipoingia mwezi wa tatu mashavu yakaanza kukwaruza. Tukadhani ni joto. Vipele vikashuka shingoni, vikaingia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi ikawa nyeusi kuliko kwingine, ngumu, yenye magamba, na penye mikunjo ikapasuka ikatoa majimaji. Mtoto hakulala. Alijikuna kwa kucha zile ndogo mpaka shuka likawa na madoadoa ya damu. Hospitali wakatuambia ni pumu ya ngozi, kwamba ni ngozi yenye hasira, haiambukizi, na kwamba itatulia pole pole kadiri anavyokua ikiwa tutaitunza. Dada wa kazi hakuamini hiyo habari ya haiambukizi. Alikuwa akimbeba mtoto kwa kumshika na taulo, na asubuhi moja tukakuta amefunga mzigo wake. Mama Beti likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha, ofisi yao iko mjini, anatoka alfajiri anarudi giza limeingia. Mimi nafanya kazi kwa zamu kwenye mitambo ya gesi, siku nyingi mchana niko nyumbani. Ndipo mke wangu akampigia mama yake simu.

Kwa hiyo mchana, nyumbani, tulibaki watatu: mimi, Beti, na mtu ambaye hakutakiwa kuniangalia.

Masharti ya hospitali yalikuwa ya watu wawili. Maji yawe vuguvugu, si ya moto. Mtoto asikae ndani ya maji muda mrefu. Sabuni isiwe na harufu, na ile dawa ya kuulia vijidudu ambayo kila nyumba humimina kwenye beseni la mtoto, marufuku. Akitoka, asisuguliwe, abonyezwe tu na kitambaa cha pamba, na kabla ngozi haijakauka apakwe mafuta ya mgando mengi, mwili mzima. Sasa Beti akivuliwa tu nguo alikuwa anaanza kujikuna kama amepewa ruhusa. Mmoja lazima amshike mikono, mwingine apake. Mama mkwe alijaribu peke yake siku mbili tatu. Siku moja nikasikia mtoto analia na beseni linaburuzika, na yeye anakohoa, anakohoa tena, kikohozi cha kuita. Nikaenda. Alikuwa amepiga magoti, Beti anamteleza, uso ameugeuzia ukutani.

"Beti," alisema, "mwambie baba yako akushike mikono."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea. Mimi upande huu wa beseni, yeye upande ule, mtoto katikati. Hakuniambia neno lolote mimi. Alimwambia Beti, ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza.

"Beti, mwambie baba yako maji yamepoa."

"Beti, mwambie bibi nimeyaongeza."

"Mwambie baba yako kucha hizi nani alizikata? Zina ncha."

"Mwambie bibi nitazikata upya."

Vidole vyetu vikigusana kwenye kopo la mafuta, aliuondoa mkono wake kama aliyegusa sufuria, akaufuta kwenye khanga, akaendelea. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Rafiki zangu kazini niliwaambia mengi kuhusu mtoto yule, lakini sikuwaambia kwamba kila siku napiga magoti mbele ya mama mkwe wangu.

Alikuwa na maneno yake. Alilolipenda zaidi ni "mimi sisemi kitu." Ukilisikia hilo, ujue anakuja kusema jambo zito. "Mimi sisemi kitu, lakini nguo za mtoto hazijasuuzwa zikatoka sabuni." Akazichukua akazisuuza upya, tena na tena, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia, halafu akazinusa. Alipenda kusikiliza matangazo ya vifo redioni, watu asiowajua kabisa, akasikitika nao mmoja mmoja. Alikuwa anacheka peke yake jikoni, kicheko kikubwa, na nikitokea kinakatika. Mke wangu aliniambia mama yake ndiye mcheshi wa ukoo wao, kwenye harusi watu wanamzunguka. Sikuwahi kumwona mtu huyo. Mimi nilimpata mwenye haya tu.

Na haya zake hazikuishia kwangu. Alimwonea haya Beti. Kwenda kanisani alimvalisha mikono mirefu, soksi, kofia ya kufunga chini ya kidevu, na juu yake kitambaa. "Mtoto wa watu asichekwe," alimwambia mke wangu. Sisi tuliona ana haki, maana hata sisi tulikuwa tumechoka kuulizwa "mtoto kafanyaje?" na watu ambao tayari wanarudi nyuma hatua moja. Basi mtoto akakaa ibada nzima amefungwa kama kifurushi, akatoka jasho, na jasho likiingia kwenye ile mikunjo linachoma. Tulirudi nyumbani tukamvua, shingo imelowa na imevimba. Mama mkwe aliitazama, akatoa zile soksi pole pole, akazikunja. Jumapili iliyofuata akamfunga tena.

Kwenye genge la mboga pale mtaani, ndiko alikosikia tunavyosemwa. Mama mwenye genge alikuwa anaongea na wateja, hakumwona kwamba amesimama nyuma.

"Mie sisemi mtu, ila mtoto wa pale kabemendwa. Nyie ngozi ile mnaionaje?"

Kubemenda ni imani ya siku nyingi. Watu husema mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto ndiye anayeharibika. Hakuna daktari anayekubali jambo hilo, lakini kwa mtaa mzima halihitaji daktari. Ina maana mke wangu ana mwanamume, au mimi nina mwanamke, na Beti ndiye ushahidi.

Mama mkwe alirudi bila mboga. Hakukohoa koridoni. Alipasha maji, akaandaa beseni, akamvua mtoto, nami nikaja kupiga magoti upande wangu. Tulipofika kwenye kupaka mafuta akasema:

"Beti, mimi sisemi kitu."

Nikasubiri.

"Lakini muulize baba yako. Kama kuna mtu huko nje, aseme, tujue tunatibu nini."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kisha nikasikia damu inapanda kutoka kifuani mpaka kwenye nywele. Mtu ambaye anaficha khanga yake inayokauka nisiione, alikuwa ananiuliza habari za kitandani. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Uso ulikuwa ukutani, shingo imekakamaa, na mikono yenye mafuta ilikuwa imesimama juu ya tumbo la mtoto.

"Beti," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba, "mwambie bibi hakuna mtu."

"Muulize, hata kule kazini? Zile zamu za usiku?"

"Mwambie bibi kule tuko wanaume watupu na mitambo."

"Muulize tena. Asione haya. Mimi nimeshaona haya kwa ajili yake."

"Mwambie bibi, tangu nimemwoa mama yako, hakuna."

Beti alikuwa anatuangalia, mara huyu mara yule, ananyonya ngumi.

"Basi sawa," alisema. "Mwambie baba yako akuinue mguu. Nyuma ya goti hapajapakwa."

Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwuliza na mwanawe swali lile lile, bila mtoto katikati, na kwamba mke wangu alimnunia. Kwangu mimi hayo hayakuwa mwisho. Kesho yake alikwenda gengeni, akasimama mbele ya wateja wote na ile sauti yake ya kwa mwuza maji, akasema: "Mkwe wangu nimemwuliza mwenyewe, kaniapia hapana. Na binti yangu nimemwuliza. Anayetaka kuuliza tena aje aniulize mimi." Alikuwa ananitetea. Lakini kuanzia siku hiyo nikipita pale kununua vocha, vijana wa bodaboda walikuwa wananiita "baba hapana".

Nadhani ni baada ya genge ndipo alipoanza kutafuta njia ya mkato. Hakuvumilia tena "pole pole" ya hospitali. Alitaka ngozi itakate mtaa uone. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza vipodozi na dawa nyumba kwa nyumba alimpa kikopo kidogo cheupe, hakina maandishi, ndani mna mafuta ya rangi ya maziwa. Sisi hatukukiona. Tulichokiona ni Beti kubadilika. Asubuhi moja mashavu yalikuwa laini. Kisha shingo. Wiki haikuisha, mtoto aling'aa, akalala usingizi mrefu mpaka mke wangu akawa anaamka kumgusa kama anapumua.

Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Alimvua Beti nguo zote isipokuwa nepi, akamkalisha mapajani barazani, mchana kweupe, mbele ya kila anayepita. Kanisani alimpeleka na gauni lisilo na mikono. Watu wakamsifu. "Bibi kaja, mtoto kapona," walisema, naye akashusha khanga akacheka ndani yake. Hata mimi, siku moja nikimshika mtoto mikono, niliuliza, "Beti, bibi yako anakupaka nini siku hizi?" Akajibu, "Mwambie baba yako ni mafuta tu, na mikono ya bibi." Sikuuliza zaidi. Nani anauliza sana mtoto akiwa amelala?

Kikopo kilipoisha, vipele vilirudi. Havikurudi pale vilipokuwa. Vilirudi kila mahali, mpaka kwenye kope. Alinunua kingine, akapaka zaidi. Ngozi ikawa nyembamba, ikawa inachubuka kwa kuguswa, na kwenye shingo pakaanza kutoka usaha. Siku mtoto alipopata homa, mke wangu alikuwa kazini na simu yake haipatikani. Beti alikuwa wa moto mikononi mwangu, amelegea, hata kujikuna amesahau. Nilikwenda kusimamisha bajaji nikarudi kumwita mama mkwe, akatoka na mkoba wa mtoto, akakuta kiti cha nyuma ni kimoja.

Alisita pale mlangoni. Dereva akasema, "Mama, panda, mtoto anaumwa." Akapanda. Bega lake na langu yakagusana, na barabara ile ina mashimo. Kila shimo lilimrusha upande wangu, naye akashika chuma cha bajaji kwa mikono miwili asiniegemee, mpaka tunafika vidole vilikuwa vimepauka.

Hospitali palikuwa na foleni. Mama mkwe si mzee. Alimzaa mke wangu akiwa msichana, na mimi nywele zimeniacha mapema. Nesi alitutazama mimi, yeye na mtoto, akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba na mama wa mtoto huyu, njooni huku mbele."

"Ni bibi yake," nilisema. "Ni mama mkwe wangu."

"Bibi? Huyu? Mbona mnalingana?"

Watu kwenye benchi wakacheka, si kwa ubaya. Mama mkwe alijifunika khanga uso mzima, na akatembea hivyo mpaka chumba cha daktari, akipapasa ukuta.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, mwenye haraka, mlango ameuacha wazi. Alimvua Beti, akamgeuza, akakunja uso.

"Mmempaka nini huyu?"

Akapitisha kidole shingoni mwa mtoto.

"Nauliza. Hii si pumu ya ngozi peke yake. Kuna dawa kali imepakwa hapa, tena kwa muda. Mmempaka nini?"

Niligeuka kumwangalia mama mkwe kwa sababu mimi jibu nililokuwa nalo ni mafuta ya mgando. Khanga ilikuwa imemwangukia mabegani. Aliingiza mkono kwenye mkoba wa mtoto, akatoa kikopo cheupe, akakiweka mezani.

Daktari alikifungua, akanusa. "Hakina jina, hakina tarehe, hakina chochote. Mtoto mchanga. Nani kampaka hii?" Sauti ilikuwa imepanda, na huko nje benchi lilikuwa limenyamaza lisikilize.

Nilimwona mama mkwe anafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilinunua mimi."

Yule daktari akanigeukia. Aliniambia mengi. Kwamba mwanamume mzima, mwenye kazi, anayejua kusoma, ananunua kitu kisicho na maandishi anampaka mtoto ambaye hawezi hata kukataa. Kwamba vikopo vile huchanganywa dawa kali ambayo hutakatisha haraka na kisha huharibu. Kwamba watu kama mimi ndio wanaojaza wodi. Niliitikia ndiyo, ndiyo daktari. Nilikuwa na aibu, lakini ndani yake, nikiri, kulikuwa na utamu kidogo. Nilijiona mkwe mwema.

Beti alilazwa. Nesi akamchukua kumwekea dripu, tukaambiwa tusubiri nje. Tulikaa benchi moja, yeye mwanzo, mimi mwisho. Mtoto hakuwepo wa kupitishia maneno. Nilidhani tutakaa kimya mpaka mke wangu afike.

"Kwa nini umesema uongo, baba?"

Alikuwa ananiangalia. Macho yake ni ya kahawia. Sikuwa nimeyajua.

"Sikutaka akusemeshe vile mbele za watu, mama."

"Nilikuwa naenda kusema."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nimeshafungua mdomo." Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Ile aibu ilikuwa yangu. Ningeisema pale, ikaisha pale. Sasa umenichukulia, nitaiweka wapi?"

Ule utamu wangu ukachacha. Nilitazama sakafu, yeye akaendelea kunitazama mimi, na nikaona jinsi inavyokuwa kukaa upande ule wa kuangaliwa.

Mke wangu alipofika, daktari alimwambia baba ndiye aliyenunua. Mama Beti hakunigombeza. Aliacha tu kuongea na mimi, akawa anaweka chakula mezani na kuondoka. Mama mkwe aliliona hilo, akalivumilia siku chache. Beti alipotoka hospitalini, homa imekwisha na vidonda vinafunga, mama mkwe alifunga begi lake. Akamwomba mwanawe amsindikize stendi ya basi. Nilibaki na mtoto. Mke wangu aliporudi macho yalikuwa yamevimba. "Kaniambia," alisema. Kisha akaniuliza swali lile lile la mama yake, kwa nini nilisema uongo, na nilijibu vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza.

Hakuja tena Dar. Tulipopata mtoto wa pili, mwenye ngozi isiyo na tatizo lolote, tulimpigia aje. Alisema mvua zimeanza, ana shamba. Mwaka uliofuata akasema mguu. Aliongea na Beti kwenye simu kwa muda mrefu, akimwuliza viwiko vinawashaje, kama anavaa pamba, kama maji ni ya bomba. Akisikia sauti yangu, alisalimia akaaga.

Nilimwona mwaka huu. Kazini walinipeleka Dodoma kwenye mafunzo, na Jumamosi isiyo na kipindi nikapanda gari la kwenda kijijini kwao bila kutoa taarifa. Nyumbani kwake nilimkuta binti wa jirani anafagia. Akasema bibi yuko zahanati, leo siku ya mizani.

"Anaumwa?"

"Hapana. Huwa anaenda tu."

Zahanati ni jengo la vyumba vichache na baraza ndefu. Mizani ilikuwa imening'inizwa, watoto wanalia mle ndani ya suruali za kupimia, akina mama wamejaa kwenye mabenchi na chini. Yeye alikuwa amesimama katikati yao. Amekonda, khanga iko mabegani, kichwa kiko wazi, na alikuwa anaongea kwa ile sauti niliyokuwa nikiisikia barabarani tu. Nilisimama nyuma ya nguzo.

"Kikopo cheupe, hakina hata herufi," alikuwa anasema. "Nikampaka. Mtoto akatakata kama yai. Nikamweka barazani watu wamwone, nikavimba kichwa. Wiki ya pili ngozi inatoka kwenye vidole vyangu kama ya nyanya iliyochemshwa. Mjukuu wangu mwenyewe. Kwa mikono hii."

Baadhi ya wanawake walicheka kwa mshangao. Msichana mmoja aliyekaa chini, mwenye mtoto aliyefunikwa mpaka kichwani na joto lile, alisema, "Bibi nawe, unatutishia tu. Nani atampaka mjukuu wake sumu halafu aje kujitangaza?"

Mama mkwe alifungua mdomo kujibu, na hapo akaniona. Mkono ulikwenda kwenye khanga, kwa mazoea, ukaivuta mpaka karibu na sikio. Kisha ukaiachia.

"Mkwe wangu yule pale kwenye nguzo," alisema. "Baba wa mtoto. Mwulizeni."

Baraza zima likageuka. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia akiniangalia. Yule msichana akanitazama chini mpaka juu, viatu vyangu vya mjini, begi langu.

"Shikamoo baba. Ni kweli anayosema bibi?"

Maneno mepesi yalikuwa tayari mdomoni. Kwamba sote tulikosea. Kwamba ni zamani. Kwamba mtoto hajambo, yuko darasa la pili, anaruka kamba. Nilihisi lile joto linapanda kifuani kama siku ile kwenye beseni, wanawake wote wale wananingoja, na yeye amesimama wima, mikono imening'inia, ananingoja pia.

"Marahaba. Ni kweli," nilisema. "Alimpaka yeye. Tulimlaza hospitali."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokezwa mzigo wake. Akina mama wakaanza kunong'ona. Yule msichana hakunong'ona. Alikuwa anaangalia kile kitambaa alichomfunikia mwanawe, kisha akasema, polepole sana, hata waliokuwa karibu naye ilibidi wainame:

"Na mie nimempaka. Tangu wiki iliyopita."

Mama mkwe alichuchumaa mbele yake. Alifunua kile kitambaa, akamwangalia mtoto shingoni na nyuma ya masikio. Akamwinua msichana kwa mkono.

"Twende kwa nesi. Utasema mwenyewe, mimi nitasimama hapo hapo."

Waliingia chumba cha ndani. Akina mama walisogea wakaniachia nafasi kwenye benchi, nikakaa na begi langu mapajani. Nesi alisikika anaanza kuuliza, sauti inapanda, ni nani aliyekuambia umpake mtoto kitu kama hiki. Kisha nikamsikia mama mkwe, na baraza zima likamsikia.

"Nesi, usimgombeze. Kaja mwenyewe kusema. Msikilize kwanza."